Ligi kwanza, gari baadaye

MTU anayenunua mashine ya kukoboa mpunga kabla hajauliza kijiji chake kinavuna magunia mangapi ameanza vibaya, hata kama mashine yenyewe ni nzuri namna gani. Mashine itakaa bandani, mkopo utaendelea kudai riba, na watakaokuja kuitazama watakuwa wengi kuliko watakaoleta mpunga. Mashine haina kosa. Kosa ni kuinunua kabla ya kujua kazi yake.

Hivyo hivyo ndivyo watu wengi wanavyopoteza fedha katika mbio za magari za ridhaa, yaani mbio za watu wanaoshindana kwa fedha zao wenyewe mwisho wa juma, bila mshahara, na mara nyingi bila zawadi zaidi ya kikombe. Hununua gari dogo la spoti kwa sababu limewapendeza macho, ndipo huanza kuuliza litashindana wapi na nani. Kwa maoni yangu utaratibu huo uko kinyume. Anayetaka kushindana achague ligi kwanza, asome kanuni zake, ahesabu gharama za msimu mzima, kisha ndipo anunue gari linalofaa ligi hiyo.

Ndugu msomaji anaweza kushangaa kukuta habari za magari ya mbio katika kurasa hizi, kati ya bei ya mahindi na ushauri wa chanjo ya kuku. Sababu zipo. Kwanza, watoto na ndugu wa wakulima na wafanyabiashara wetu wengi wanafanya kazi Uingereza na Marekani, na huko mbio za ridhaa ni starehe ya fundi, mwalimu na mwenye duka, si ya matajiri peke yao. Pili, fedha zinazoingia katika starehe hiyo mara nyingi ni zile zile ambazo zingerudi nyumbani kununua shamba au kuongeza mtaji. Tatu, hesabu yake ni ile ile ya trekta na lori: bei ya kununulia huonekana siku moja, gharama ya kutumia huonekana kila siku.

Faida ya wepesi

Hebu tuanze na gari lenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni Mazda MX-5, ambayo Marekani huitwa Miata na Japani ilianza kuuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ikiwa na viti viwili, injini mbele, nguvu kwenye matairi ya nyuma na uzito chini kidogo ya kilo 1,000. Injini yake ya kwanza ya lita 1.6 ilitoka katika ukoo wa injini za Mazda 323, gari ambalo mafundi wetu wamelifungua na kulifunga kwa miaka mingi. Aprili 2016 kampuni hiyo ilitengeneza MX-5 ya milioni moja.

Yapo mengine mepesi zaidi. Lotus Elise ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 725, na iliendelea kutengenezwa hadi 2021. Caterham, ambayo ni mtoto wa Lotus Seven ya mwaka 1957, ina aina kadhaa zenye uzito chini ya kilo 600. Linganisha na saluni ya kawaida ya siku hizi ambayo kwa kawaida hupita kilo 1,300.

Wepesi huo una maana kubwa kwa mfuko. Gari la kilo 1,500 na gari la kilo 1,000 yakienda kwa mwendo mmoja, lile zito limebeba nishati mara moja na nusu ya jepesi. Dereva anapokanyaga breki, nishati hiyo yote inageuka joto ambalo linapita katika pedi, diski na matairi. Mtu aliyewahi kuzuia mkokoteni mtupu na mkokoteni wenye mzigo kwenye mteremko hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo gari jepesi hula pedi kidogo na matairi kidogo, na mafuta pia, hata likiwa na injini ndogo.

Lakini faida hiyo ni ya mwenye kuitunza. Gari jepesi lenye injini ndogo likiingizwa katika kundi la wazi, ambako kila mtu anaruhusiwa kufunga injini na vifaa apendavyo, litatamba kwenye kona na kuachwa kila barabara inaponyooka. Mwenye gari ataanza kununua nguvu: leo mfumo wa moshi, kesho kompyuta ya injini, keshokutwa turbo. Nguvu ikiongezeka, giaboksi iliyotosha jana haitoshi leo, na breki zilizotosha jana zinachemka. Baada ya misimu miwili atakuwa na gari la ghali ambalo bado liko nyuma ya yule mwenye fedha zaidi. Katika kundi la wazi hakuna mwisho wa kununua.

Kanuni ndizo mlinzi wa mfuko

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kuangalia katika ligi yoyote si ukubwa wa jina lake wala uzuri wa viwanja vyake. Ni kitabu cha kanuni. Kanuni nzuri ni zile zinazomzuia mwenye fedha asigeuze fedha kuwa mwendo.

Marekani kuna vyama viwili vikubwa vya mbio za ridhaa. SCCA kilianzishwa mwaka 1944. Kingine ni NASA, ambacho hakihusiani na shirika la anga za juu la nchi hiyo, na kilianzishwa mwaka 1991. Vyote viwili vina kundi liitwalo Spec Miata, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya MX-5 za zamani. Magari yote hufungwa springi na shokapu za aina moja, chama huamua tairi la kutumia, na injini lazima ibaki karibu na ilivyotoka kiwandani. Gari hupimwa uzito dereva akiwa ndani. Yale ya miaka ya baadaye yenye injini ya lita 1.8 hubebeshwa uzito zaidi au huwekewa kizibo cha kupunguza hewa inayoingia katika injini, ili yasiyaonee yale ya lita 1.6.

Uingereza kuna njia nyingine. Tangu mwaka 1995 kampuni ya Caterham imekuwa na mashindano ya wanaoanza, ambayo sharti lake kubwa ni kwamba mshiriki awe hajawahi kushindana. Kila mmoja anapata gari la aina moja lenye injini iliyopigwa lakiri, na wanaotaka hulijenga wenyewe nyumbani kutoka katika masanduku ya vipuri. Anayevunja lakiri ameondoka mashindanoni. Gari hilo linaruhusiwa pia barabarani, hivyo si lazima kuwa na tela la kulibebea.

Kuna wanaosema ligi za aina moja ya gari zinaua ufundi, kwamba raha ya mbio ni kubuni na kujenga. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alianza kwa kukarabati Austin 7 kuukuu na kushindana nayo katika mbio za chama cha 750 Motor Club, kilichoanzishwa mwaka 1939 na wapenzi wa gari hilo. Chama hicho hicho baadaye kilianzisha ligi ya magari yaitwayo Locost, yaliyotokana na kitabu cha Ron Champion cha mwaka 1996 kilichofundisha jinsi ya kujijengea gari la spoti kwa pauni 250. Mtu hujenga fremu kwa vyuma vya mraba, huchukua vipuri katika Ford kuukuu, na huenda kushindana na wenzake waliofanya vivyo hivyo.

Lakini tazama vizuri. Hata ligi hiyo ya mafundi ina kanuni kali: injini ndogo ya zamani ya Ford, na mipaka ya kile kinachoruhusiwa kubadilishwa. Ufundi umeruhusiwa pale ambapo jasho linafanya kazi, na umezuiwa pale ambapo ni fedha tu zinazofanya kazi. Huo ndio mpaka ninaoutetea.

Aidha, kanuni bila mkaguzi ni karatasi tu. Mwaka 2014, katika fainali za taifa za SCCA kwenye uwanja wa Laguna Seca, California, magari kadhaa ya Spec Miata yaliyomaliza mbele yaliondolewa katika matokeo baada ya vichwa vya silinda kukutwa vimekatwa kinyume na kanuni. Wengine walilichukulia tukio lile kama aibu ya ligi. Mimi naliona kama ushahidi kwamba ligi ile inafungua injini na kupima. Ligi ya kuogopwa ni ile ambayo haijawahi kumwondoa mtu yeyote, miaka nenda rudi.

Hesabu ya msimu

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapo ndipo ligi mbili zinazofanana machoni zinapotengana. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini namna ya kukokotoa ndiyo muhimu.

Tuseme una MX-5 tayari na unachagua kati ya ligi mbili, kila moja yenye mashindano sita kwa mwaka. Ligi ya kwanza inatoza kiingilio cha dola 400, inaamuru matairi laini ya dola 800 yanayodumu mashindano mawili, na viwanja vyake viko mbali, hivyo pedi na mafuta ya mashindano ni dola 200 na safari dola 200 kila mara. Mara sita, bila matairi, ni dola 4,800. Ongeza seti tatu za matairi, dola 2,400. Jumla ni dola 7,200.

Ligi ya pili inatoza kiingilio cha dola 300, inaamuru matairi magumu zaidi ya dola 700 yanayodumu msimu mzima, pedi na mafuta ni dola 100, na safari dola 100 kwa kuwa uwanja uko karibu. Mara sita ni dola 3,000. Ongeza seti moja ya matairi, inakuwa dola 3,700.

Tofauti ni dola 3,500 kwa msimu mmoja, na gari ni lile lile. Mnunuzi aliyekesha wiki tatu akibembeleza apunguziwe dola 300 katika bei ya gari amehangaika na kidogo akaacha kikubwa. Kabla ya kujiunga na ligi yoyote, uliza maswali mawili kwa yeyote aliyemaliza msimu: tairi gani linaamriwa, na linadumu mashindano mangapi? Majibu hayo yatakueleza zaidi ya picha zote za kwenye matangazo.

Hesabu ya pili ni ya dakika. Anayelima hugawa gharama kwa magunia. Anayeshindana agawe gharama kwa dakika anazokaa kwenye usukani. Ligi ya mbio fupi inaweza kukupa mbio mbili za dakika 20 na robo saa ya kutafuta nafasi ya kuanzia, yaani dakika 55 kwa mwisho wa juma. Mashindano ya kupita kati ya koni kwenye uwanja wa maegesho, ambayo Wamarekani huyaita autocross, humpa mtu mizunguko michache ambayo kila mmoja huchukua kama dakika moja. Siku nzima hupati dakika kumi za kuendesha. Lakini kiingilio chake ni kidogo, unaendesha peke yako bila wa kukugonga, na jioni unarudi nyumbani na gari lile lile la kwendea kazini.

Kisha kuna mbio ndefu za kupokezana. Mwaka 2006 huko California yalianza mashindano ya 24 Hours of Lemons, jina linalofanyia utani mbio maarufu za Le Mans za Ufaransa. Kanuni yake kuu ni kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500, bila kuhesabu vifaa vya usalama, breki na matairi. Gari likionekana ni la thamani zaidi, waamuzi hulikata mizunguko. Timu ina madereva kadhaa wanaopokezana. Mbio zikiwa za saa 14 na madereva wanne, kila mmoja anapata saa tatu na nusu kwenye usukani, na gharama zote zimegawanywa kwa wanne.

Msomaji aliyewahi kununua pampu ya umwagiliaji kwa kikundi anajua faida ya mpango huo na anajua pia hatari yake. Nani atalipa injini ikifa mikononi mwa mmoja wao? Atakayekosa kuja siku ya matengenezo atakatwa nini? Kikundi cha mbio kisichoandika mambo hayo kabla ya msimu huvunjika mapema kuliko gari, na urafiki huenda na gari.

Siku ya kugongwa

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba katika mbio za magari mengi yanayolingana, kugongana ni sehemu ya hesabu. Spec Miata, pamoja na sifa zake zote, imepewa na Wamarekani jina la utani la Spec Piñata, kwa kulinganisha na yule mwanasesere wa karatasi anayepigwa fimbo kwenye sherehe mpaka apasuke. Magari yanalingana, madereva wako karibu karibu, na kila mmoja anaona nafasi ambayo haipo.

Hapa ndipo aina ya gari inapofaa kuangaliwa. MX-5 ina mabawa ya mbele ya bati yanayofungwa kwa bolti. Likipondeka, unafungua, unafunga jingine la kuokota, na wiki ijayo unarudi. Lotus Elise ni gari tamu kuliendesha na jepesi zaidi, lakini sehemu yake yote ya mbele ni kipande kimoja kikubwa cha faiba, na fremu yake ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi maalumu. Mguso mdogo ambao kwenye MX-5 ni kazi ya jioni moja, kwenye Elise unaweza kuwa kazi ya wiki nyingi kwa fundi bingwa. Kwa mwenye Elise, nashauri mashindano ya kupima muda, ambako magari huachiana nafasi na saa ndiyo inayoamua. Huko wepesi wake utamletea vikombe bila kumletea fundi wa bodi.

Kwa mwenye gari la kale, kuna vyama vya mbio za magari ya kale Marekani vinavyofuata kanuni iitwayo 13/13. Dereva anayethibitika kusababisha mgongano huondolewa mashindanoni mwisho wa juma ule na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 13. Akirudia ndani ya muda huo, anafungiwa miezi mingine 13. Kanuni hiyo inafanya kazi kubwa kuliko bima, na bima yenyewe ni somo la pekee: bima ya kawaida ya barabarani haimlipi mtu aliyeharibu gari lake mbioni. Anayeshindana ajihesabu kuwa hana bima, isipokuwa amenunua ya mbio na kuisoma.

Ndiyo maana nasema: usiingize uwanjani gari ambalo likivunjika leo utauza ng'ombe kesho. Fedha za mbio zitoke kwenye faida iliyokwisha kuhesabiwa, si kwenye mtaji, na wala si kwenye mkopo uliochukuliwa kwa jina la duka. Mkopo wa duka hulipwa na duka. Gari la mbio halizai.

Usalama nao una tarehe zake. Kofia za mbio hutolewa kwa viwango vinavyobadilishwa kila baada ya miaka mitano hivi, na ligi huacha kupokea viwango vya zamani. Mikanda ya kumfunga dereva ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa juu yake, kama dawa ya mifugo ilivyo na tarehe kwenye chupa. Anayeuziwa gari la mbio "likiwa na vifaa vyote" aangalie tarehe hizo kabla ya kutoa fedha. Mikanda iliyokwisha muda si kifaa, ni gharama inayokusubiri.

Na huku kwetu?

Msomaji wa Nairobi, Arusha au Kampala atauliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu kwa njia yake. Mila yetu ya mbio ni ya vumbi na matope. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na mwaka 2021 ilirejea katika ubingwa wa dunia ikiwa na makao Naivasha. Anayetaka kuanza kwa gharama ndogo nchini Kenya ataona kuwa mashindano ya wazi kwake ni autocross, ambayo huku hufanyika kwenye njia ya udongo na si kwenye lami, na yana makundi yake ya magari ya kuendeshwa kwa matairi mawili, ya matairi manne na ya bagi.

Hapo gari la chini la spoti, lenye tumbo karibu na ardhi, ni jembe lisilofaa kwa udongo ule. Tena sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo MX-5 za bei nafuu za miaka ya 1990 haziingii kabisa kwa njia ya kawaida. Kijana anayetazama picha za Ulaya na kuagiza gari la picha zile atakuwa amechagua gari kabla ya ligi, tena ligi isiyokuwapo. Anayetaka wepesi huku kwetu atafute bagi au saluni ndogo ambayo vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road au Kariakoo, aingie kundi lenye washindani wengi, na ajifunze.

Neno hilo la washindani wengi lina uzito wake. Ligi yenye magari matatu katika kundi lako inakupa kikombe kila mwezi na haikufundishi kitu. Siku mmoja akiuza gari na mwingine akihamia mji mwingine, unabaki peke yako na gari ambalo hakuna wa kulinunua. Kundi lenye magari 30 linakupa mtu wa kushindana naye hata ukiwa wa 20, linakupa mtu wa kukuazima kipuri Jumamosi usiku, na linakupa soko siku unapotaka kutoka. Mfugaji anayenunua ng'ombe wa aina isiyofugwa na jirani yeyote anajua taabu ya kutafuta dume, dawa na mnunuzi.

Ushauri wangu kwa anayeanza, awe Birmingham au Nakuru, ni huu. Kabla ya kununua chochote, nenda kwenye ligi unayoitamani ujitolee kama msaidizi wa uwanjani. Mbio za ridhaa zinasimama kwa watu wa kujitolea wanaopeperusha bendera na kusukuma magari yaliyokwama, na wengi wao hufundishwa kazi hiyo bila malipo. Kwa miisho ya juma mitatu au minne utaona nani anavunja nini, wapi fedha zinakwenda, nani anagonga wenzake na kama waamuzi wanamwadhibu. Hesabu magari katika kundi unalolitaka, mwanzoni mwa msimu na mwishoni mwake. Yakiwa yamepungua nusu, uliza kwa nini.

Halafu kaa chini na karatasi. Andika kiingilio, matairi, pedi, safari, leseni na mafunzo ya lazima, vifaa vya usalama na tarehe zake, kisha weka kando fedha za mgongano mmoja kwa msimu. Jumla hiyo ndiyo bei ya kweli. Ikiwa unaimudu kutoka kwenye faida, tafuta gari linalokubalika katika ligi hiyo, tena lililokwisha kujengwa na mtu anayetoka, kwa maana aliyelijenga alilipa vipuri vipya na wewe utalipa bei ya mtumba. Ikiwa huimudu, anza na koni kwenye uwanja wa maegesho, au jiunge na wenzako wanne mgawane.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika mbio hizi gari ndilo jembe na ligi ndiyo shamba. Shamba likiwa na maji, majirani wema na mipaka inayojulikana, hata jembe la kuokota litakulisha. Yule anayezunguka maonyesho na magazeti akitafuta jembe linalong'aa kuliko yote, atakuwa bado yuko dukani wakati wenzake wanavuna.